ANDREAS GRÜNTZIG: DAKTARI ALIYEZIBUA MISHIPA YA MOYO

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba moyo ni pampu ya misuli, na kwamba damu husafiri mwilini kwa njia ya ateri na vena. Katika sura hii utasoma habari za maisha ya daktari mmoja aliyefariki zamani, ambaye jina lake linajulikana na madaktari wa moyo duniani kote. Aliitwa Andreas Grüntzig. Yeye ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuzibua ateri ya moyo bila kupasua kifua cha mgonjwa. Utasoma pia habari za dawa zinazozuia damu isigande, kwani pasipo dawa hizo kazi yake isingewezekana. Tena utaona ni kwa nini bei ya dawa ni jambo la sayansi, wala si jambo la dukani tu.

Pampu nayo huhitaji kulishwa

Mtoto anayeishi Chidya, au mahali pengine popote kati ya Masasi na Newala, hahitaji kuelezwa thamani ya maji. Udongo wa uwanda wa juu wa Makonde ni wa kichanga, nao hunyonya mvua upesi. Maji hupatikana mbali, chini mabondeni. Zamani akina mama walishuka miteremko mirefu na kupanda tena wakiwa na mitungi vichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji ya bomba. Pampu zilizowekwa bondeni ziliyasukuma maji yakapanda mpaka Newala.

Sasa fikiri jambo hili. Pampu ni nzima, na maji yamo kisimani, lakini bomba limejaa kutu na takataka kwa ndani. Je, maji yatafika juu? Yatafika kidogo kidogo, na siku moja hayatafika kabisa. Hutamlaumu mwendesha pampu, wala hutachimba kisima kipya. Utatafuta njia ya kulizibua bomba.

Jambo kama hili huweza kutokea ndani ya moyo wa mtu. Moyo hujaa damu mchana na usiku, lakini misuli yake hailishwi na damu hiyo inayopita vyumbani mwake. Hulishwa na ateri mbili zinazochipuka kutoka kwenye aota na kugawanyika matawi juu ya moyo wenyewe. Tundu la ateri hizo ni jembamba, kiasi cha milimita 3 au 4 tu. Mafuta yakijijenga katika ukuta wake kwa miaka mingi, tundu huzidi kuwa finyu. Mtu huanza kubanwa kifua anapopanda mlima au kubeba mzigo. Akipumzika, maumivu hupungua. Bonge la damu likigandia mahali hapo pembamba, njia huzibika kabisa, na sehemu ya misuli ya moyo huanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Utoto wake

Andreas Grüntzig alizaliwa tarehe 25 Juni, 1939, katika mji wa Dresden, Ujerumani. Miezi miwili tu baadaye Vita Kuu ya Pili ilianza. Baba yake, aliyekuwa mtu wa sayansi, alikwenda vitani na hakurudi. Mama akabaki na wana wawili, katika nchi iliyobomolewa na mabomu. Alijaribu kuwahamishia Ajentina kwa ndugu zake, lakini hawakukaa huko muda mrefu. Wakarudi na kuishi Leipzig, katika Ujerumani ya Mashariki. Huko Andreas alisoma shule.

Wakati ule Ujerumani ilikuwa nchi mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa kijana bado, alihamia Ujerumani ya Magharibi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Heidelberg na kuhitimu mwaka 1964. Mwaka 1969 akapata kazi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Zürich, nchini Uswisi.

Mwaka ule ule wa 1964, mbali sana na Heidelberg, jambo kubwa lilitokea katika mji wa Portland, Marekani. Daktari Charles Dotter alikuwa na mgonjwa, bibi kizee wa miaka 82, ambaye mguu wake ulikuwa unaanza kuoza kwa kukosa damu. Madaktari wa upasuaji walitaka kuukata, lakini bibi yule alikataa katakata. Dotter alipitisha mirija ndani ya ateri ya mguu, kwanza mwembamba, kisha mnene zaidi, mpaka njia ikapanuka. Mguu ukapona, na bibi akatembea kwa miguu yake miwili mpaka alipofariki. Madaktari wengi wa Marekani waliidharau njia hiyo. Madaktari wachache wa Ulaya waliijaribu, na Grüntzig alijifunza kutoka kwao.

Aliona kasoro yake upesi. Mrija mnene husukuma mafuta mbele kama jembe linavyosukuma udongo, na huweza kuukwaruza ukuta wa ateri. Tena, ili kupitisha mrija mnene ni lazima kutoboa tundu kubwa katika ngozi. Je, haungepatikana mrija mwembamba unaoingia bila shida, kisha ukavimba ukiwa umekwisha kufika mahali panapotakiwa? Kwa maneno mengine, Grüntzig alitaka puto.

Kazi ya mezani jikoni

Kusema puto ni rahisi. Kulitengeneza ni jambo jingine. Puto la mpira, ukilipuliza, huvimba pale lisipobanwa. Likiwa ndani ya mshipa huvimba mbele na nyuma ya mahali pembamba, huku pale penye mafuta likibaki limenyongwa kiunoni. Tena likipulizwa mno huupasua mshipa. Grüntzig alihitaji puto lenye umbo la soseji, ambalo likifikia unene fulani halizidi hapo hata ukiliongezea nguvu.

Hospitali haikuwa na karakana ya kazi kama hiyo. Basi baada ya kazi za mchana alirudi nyumbani, akaketi kwenye meza ya jikoni pamoja na mkewe Michaela, msaidizi wake Maria Schlumpf na mume wa msaidizi huyo. Mezani palikuwa na vipande vya mirija ya plastiki, nyembe, gundi na nyuzi. Walikata, wakapasha moto, wakagundisha, wakapuliza, na mara nyingi wakatupa. Kazi hiyo ilichukua kiasi cha miaka miwili. Profesa mmoja mstaafu wa kemia, Heinrich Hopff, ndiye aliyemshauri atumie plastiki iitwayo PVC, ile ile tunayoijua katika mabomba ya maji na nyaya za umeme. Plastiki hiyo ilipotengenezwa nyembamba ilivimba mpaka kipimo chake, kisha ikakataa kuendelea.

Mwezi Februari 1974 alilitumia puto lake kwa mara ya kwanza katika ateri ya mguu wa mgonjwa, nalo likafanya kazi. Baada ya hapo alitengeneza maputo madogo zaidi yanayoweza kuingia katika ateri za moyo, akayajaribu kwanza kwa mbwa. Mwaka 1976 alipeleka matokeo yake kwenye mkutano wa madaktari wa moyo huko Miami, Marekani. Wengi waliopita mbele ya ubao wake walitikisa vichwa.

JARIBIO. Unaweza kuona kanuni hii darasani. Tafuta kipande cha mwanzi mnene kilicho wazi pande zote mbili, na puto refu jembamba. Paka udongo laini wa mfinyanzi ndani ya mwanzi, katikati, ukiacha tundu dogo. Mimina kikombe kimoja cha maji na uhesabu muda unaopita mpaka yaishe. Kisha ingiza puto likiwa halina hewa, lifikishe penye udongo, ulipulize taratibu, uhesabu mpaka kumi, ulitoe hewa na kulivuta. Mimina tena kikombe cha maji. Angalia: udongo haukutoka ndani ya mwanzi. Umebanwa ukutani tu. Hivyo ndivyo puto la Grüntzig linavyofanya kwa mafuta ya ateri.

Tarehe 16 Septemba, 1977

Siku hiyo, huko Zürich, alilazwa juu ya meza ya eksirei mtu mmoja mwenye umri wa miaka 38. Ateri ya mbele ya moyo wake ilikuwa imesinyaa mahali pamoja. Njia iliyokuwapo ya kumponya ilikuwa kumpa nusukaputi, kupasua kifua na kupandikiza mshipa mwingine. Mgonjwa huyu alikubali kuwa mtu wa kwanza kuzibuliwa kwa puto. Madaktari wa upasuaji walikaa tayari karibu, ili mambo yakiharibika wampasue mara moja.

Alitiwa ganzi kinenani tu, na muda wote alikuwa macho. Grüntzig alipitisha mrija kutoka kinenani, akaupandisha ndani ya aota mpaka kwenye moyo, huku akiutazama kwa eksirei. Puto likafika penye ufinyu. Akalijaza maji ya dawa inayoonekana kwa eksirei, likavimba. Akalitoa maji, kisha akalijaza mara ya pili. Njia ikafunguka. Mgonjwa hakupata shida yoyote, na wapasuaji hawakuhitajiwa.

Damu isigande

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa katika kusifu puto watu husahau jambo lililoliwezesha.

Damu ina tabia ya kujilinda. Ukijikata kwa kisu, haipiti muda mrefu kabla damu haijaganda na kuziba jeraha. Bila tabia hiyo tungekufa kwa mkwaruzo mdogo. Lakini damu haijui kupambanua kisu na mrija wa daktari. Ikigusa plastiki, au ikigusa ukuta wa ateri uliopasuka kidogo kwa kubanwa na puto, huanza kuganda vile vile. Bonge likijiunda ndani ya ateri ya moyo, daktari atakuwa ameziba kile alichokuja kuzibua. Kwa sababu hiyo Grüntzig aliwapa wagonjwa wake aspirini, ambayo huzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Wakati wa kazi yenyewe aliwatia heparini mshipani. Na baadaye aliwapa wafarini ya kumeza.

Heparini iligunduliwa mwaka 1916 huko Baltimore, Marekani, na mwanafunzi wa udaktari aitwaye Jay McLean, aliyekuwa akifanya utafiti chini ya Profesa William Howell. McLean alikuwa akitafuta kitu kinachogandisha damu. Katika ini la mbwa alikuta kitu kinachofanya kinyume chake! Jina heparini limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Siku hizi heparini nyingi hutolewa katika matumbo ya nguruwe. Wafarini nayo ina historia ya ajabu. Ilianza kutumika kama sumu ya panya mwishoni mwa miaka ya 1940, na kuanzia mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya watu, kwa vipimo vidogo mno chini ya uangalizi wa daktari. (Mwanafunzi asiguse sumu ya panya kwa sababu hiyo. Kipimo ndicho kinachotenga dawa na sumu, na kipimo hicho hakijulikani kwa macho.)

Dawa hizi zina makali kuwili. Zikipungua, damu huganda. Zikizidi, mgonjwa huvuja damu kinenani, tumboni au hata kwenye ubongo. Kwa hiyo heparini hupimwa kulingana na uzito wa mgonjwa, na damu yake hupimwa kuona inachukua muda gani kuganda. Heparini ikizidi, ipo dawa ya kuizima iitwayo protamini.

Mwalimu asiyeficha makosa

Baada ya mwaka 1977 madaktari wa nchi nyingi walimiminika Zürich. Grüntzig aliwaweka katika ukumbi, na kwa njia ya televisheni wakamtazama akifanya kazi chumbani kwa wagonjwa. Kazi ikiharibika, waliiona ikiharibika. Alisisitiza pia kwamba kila mgonjwa aandikwe katika daftari la pamoja, aliyepona na asiyepona. Mwaka 1979 alichapisha habari za wagonjwa wake 50 wa mwanzo, na hakuficha kwamba kwa baadhi yao puto lilishindwa kupita. Kwa maoni yetu, tabia hii ina thamani sawa na puto lenyewe. Dawa na vifaa vingi vimesifiwa na waliovibuni, vikaja kuonekana havifai.

Mwaka 1980 alihamia Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, Marekani, kwa sababu Zürich alipewa vitanda vichache mno. Huko aliwatibu wagonjwa kwa maelfu. Alipenda pia kuendesha ndege yake ndogo. Tarehe 27 Oktoba, 1985, akirudi Atlanta katika hali mbaya ya hewa, ndege hiyo ilianguka katika jimbo la Georgia. Yeye na mke wake wa pili, Margaret Anne, walifariki. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Miaka miwili baadaye, mgonjwa wake wa kwanza alipigwa tena picha ya moyo. Ateri iliyozibuliwa mwaka 1977 ilikuwa bado wazi.

Ghali au rahisi?

Kazi ya Grüntzig iliendelea. Mwaka 1986 madaktari huko Ufaransa na Uswisi walianza kuacha ndani ya ateri kijimrija cha wavu wa chuma, kiitwacho stenti, ili isisinyae tena. Dawa mpya za kuzuia damu isigande nazo zikaja. Mojawapo ni bivalirudini, iliyobuniwa kwa kuiga kitu kilichomo katika mate ya ruba. Unajua kwamba ruba akikuuma damu hutoka muda mrefu. Basi siri ni hiyo.

Bivalirudini ilikuwa ghali mara nyingi kuliko heparini. Je, ilistahili bei yake? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 majaribio yalionyesha kwamba wagonjwa walioipata walivuja damu kidogo kuliko waliopewa heparini pamoja na dawa nyingine kali. Hilo si jambo dogo. Mgonjwa anayevuja damu huongezewa damu na hukaa hospitali siku nyingi, na yote hayo ni fedha. Dawa ghali huweza kumpunguzia mtu gharama.

Lakini je, heparini ikipewa peke yake, bila ile dawa kali? Madaktari wa Liverpool, Uingereza, walilijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 1,829 wa shambulio la moyo, wakatoa matokeo mwaka 2014. Katika kila wagonjwa 1,000 waliopewa bivalirudini, kiasi cha 87 walipata dhara kubwa katika siku 28, yaani kifo, kiharusi, shambulio jingine au ateri kuziba ikabidi izibuliwe tena. Katika kila 1,000 waliopewa heparini, waliodhurika ni kiasi cha 57. Kuvuja damu kulikuwa karibu sawa. Dawa ya zamani, iliyo rahisi, ilishinda.

Usidhani hukumu imekwisha. Mwaka 2022 madaktari wa China walitoa matokeo ya wagonjwa 6,016. Safari hii bivalirudini haikukatishwa kazi ilipokwisha, bali iliendelea kutiwa mshipani kwa saa kadhaa, nayo ikashinda: waliofariki au kuvuja damu sana katika siku 30 walikuwa kiasi cha 31 katika kila 1,000, na kwa heparini kiasi cha 44. Basi mtaalamu huuliza maswali mawili kwa pamoja: dawa hii inaokoa wangapi zaidi, na kila mmoja anayeokolewa zaidi anagharimu kiasi gani?

Tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu. Tuseme hospitali ina shilingi 1,000,000 za dawa. Dawa ya kwanza ni shilingi 10,000 kwa mgonjwa, ya pili shilingi 200,000. Fedha hizo zitatosha wagonjwa 100 kwa dawa ya kwanza, lakini wagonjwa 5 tu kwa dawa ya pili. Hata kama dawa ya pili ni bora kidogo, wale 95 watapewa nini?

Swali hili si la nchi za mbali. Kwa miaka mingi Watanzania wengi wenye ugonjwa wa moyo walipelekwa India kutibiwa, kwa gharama kubwa ya nauli na matibabu. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, katika eneo la Muhimbili, Dar es Salaam, na humo ateri za moyo huzibuliwa kwa puto na stenti. Mgonjwa kutoka Chidya bado ana safari ya takriban kilomita 600 kufika huko, lakini havuki bahari. Heparini, aspirini na wafarini zimo katika orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, orodha iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1977, mwaka ule ule wa puto la Grüntzig. Fedha inayobaki kwa kutumia dawa rahisi huweza kununua stenti ya mgonjwa anayengoja nje ya mlango.

MASWALI

1. Kwa nini puto la mpira halikufaa kuzibua ateri?
2. Damu ikigusa mrija wa daktari hufanya nini? Eleza sababu.
3. Katika jaribio la Liverpool, ni wagonjwa wangapi zaidi katika kila 1,000 walidhurika kwa bivalirudini kuliko kwa heparini? Katika jaribio la China tofauti ilikuwa wangapi, na upande gani?
4. Jadilini darasani: katika hesabu ya shilingi 1,000,000, ungechagua dawa gani kama dawa ya pili ingeshuka bei mpaka shilingi 20,000?